Laptopu mpya, betri saa tatu na nusu: kabla hujairudisha dukani

Swali: Fundi, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa sekondari huku Kilosa. Wiki tatu zilizopita nilinunua laptopu mpya Dar, ya inchi 15, RAM GB 8, Windows 11. Boksi linasema betri inakaa hadi saa 10. Mimi sijawahi kuvuka saa 3 na nusu, na kazi zangu ni kutunga mitihani, kusoma PDF na kuangalia video moja moja. Kingine, nikiifunika usiku ikiwa na asilimia 80, asubuhi naikuta na 50 na kitu, na begi lina joto. Intaneti natumia ya simu. Muuzaji anasema kosa ni langu, sikuichaji saa 8 siku ya kwanza. Niirudishe?

Jibu: Marahaba, mwalimu. Pole na mitihani.

Hilo la saa 8 tulimalize kwanza, maana nalisikia kila wiki. Lilikuwa na maana enzi za betri za nikeli, zile za simu nzito kama tofali, ambazo kweli zilitaka kuzoeshwa. Yako ni ya lithiamu, aina ambayo Sony waliiingiza sokoni mwaka 1991. Hutoka kiwandani ikiwa imeshachajiwa na kupimwa, na ndani yake kuna saketi inayokata chaji yenyewe ikijaa. Ungeiacha kwenye soketi saa 8 siku ile, saa 2 au 3 zingekuwa za kuchaji, zilizobaki za kuangalia taa. Hujaharibu kitu. Na muuzaji wako pengine hakudanganyi kwa makusudi, anarudia alichoambiwa na aliyemfundisha kazi.

Sasa swali lenyewe. Chukua nyumba mbili, kila moja ina mtungi wa gesi wa kilo 6. Moja mtungi unamaliza mwezi, nyingine wiki mbili umekauka, kumbe huko maharage yanachemshwa kila siku. Ukitaka kwenda kumgombeza muuza gesi, kwanza ujue mambo mawili: mtungi ulijaa kweli? Na jiko lilikuwa likiwaka kiasi gani? Betri ni hivyo hivyo. Ujazo wake unapimwa kwa wati-saa, ulaji wa mashine unapimwa kwa wati, na muda utakaokaa nao ni kugawanya tu. Betri ya wati-saa 42 kwenye mashine inayokula wati 6 inakupa saa 7. Mashine hiyo hiyo ikila wati 12, unapata saa 3 na nusu, yaani hicho hicho unachokilalamikia.

Na ukitaka saa 10 kwenye betri ya 42, mashine nzima, skrini ikiwemo, inatakiwa ile wati 4 na kidogo. Inawezekana, ila mara nyingi ni kwa kuangalia video iliyohifadhiwa ndani, mwanga umepunguzwa, hakuna kingine kinachoendelea. Neno "hadi" kwenye boksi limebeba mzigo mzito. Mimi nikisoma "hadi saa 10" kwenye mashine ya bei ya kawaida, kichwani naandika 6. Kwa hiyo tusitafute 10. Tutafute nani anakula zile wati 5 au 6 za ziada.

Anza na mtungi. Bofya kitufe cha kulia cha mausi juu ya alama ya Start, chagua Terminal, kisha andika hivi na ubonyeze Enter:

powercfg /batteryreport

Itakujibu kwamba imehifadhi faili, na itakuonyesha imeliweka wapi. Lifungue kwa kivinjari chako. Ni ripoti ndefu lakini usitishike, teremka mpaka sehemu iliyoandikwa Installed batteries. Kuna mstari wa DESIGN CAPACITY, ujazo uliokusudiwa kiwandani, na chini yake FULL CHARGE CAPACITY, ujazo ambao betri inaweza kubeba leo. Namba ni za miliwati-saa, kwa hiyo 42,000 ndiyo wati-saa 42. Ukikuta chini pameandikwa 41,000 au hata 40,000, mtungi wako ni mzima, muuzaji hana kesi. Kupungua asilimia mbili hadi tano ni kawaida, na kuna betri mpya zinazosoma zaidi ya ujazo wa kiwandani. Hiyo pia si ajabu.

Jambo baya ni ukikuta 42,000 juu na 33,000 chini. Hapo teremsha jicho mstari mmoja zaidi, kwenye CYCLE COUNT. Mzunguko mmoja ni kutumia jumla ya asilimia 100, hata kama ni kwa vipande: 50 leo na 50 kesho ni mzunguko mmoja. Kwa wiki tatu za mwalimu, hata ukiwa mtu wa kazi usiku na mchana, sitarajii kuona zaidi ya 30. Ikisoma 200, hiyo laptopu ilikuwa na mwenyewe kabla yako, ikasafishwa, ikabandikwa nailoni mpya, ikaingizwa kwenye boksi. Sina ugomvi na mtumba, nusu ya mashine ninazotumia ni za mtumba, lakini mtumba uuzwe kwa jina lake na kwa bei yake. Baadhi ya mashine huweka kistari badala ya namba ya mizunguko. Ikitokea hivyo, tegemea ile tofauti ya ujazo.

Mimi nategemea utakuta mtungi mzima. Nakwambia kwa sababu ya mambo mawili uliyoyataja kama kwa bahati mbaya: begi lenye joto, na intaneti ya simu.

Tuanze na begi. Zamani laptopu ikifunikwa ililala kweli. Prosesa, yaani ubongo wa mashine, ilizimika, RAM (kumbukumbu ya muda) pekee ikabaki na umeme wa kuidumisha. Nyingi za sasa zimeigizwa kutoka kwenye simu: ukifunika, skrini inazima lakini ndani haijalala, imesinzia jicho moja wazi. Inaangalia barua pepe, inashusha apdeti, inapanga mafaili. Ikiwa mambo ni shwari, hiyo haili sana, kwa usiku mmoja unapoteza asilimia chache tu. Yako inapoteza kama 25. Kwenye betri ya 42 hiyo ni zaidi ya wati-saa 10 zilizochomwa gizani, na joto ulilolikuta kwenye begi ndiyo hizo wati zenyewe. Umeme hauendi mbinguni, mwalimu, unageuka joto.

Ukitaka kumjua mwizi wa usiku, fungua tena Terminal, safari hii ile yenye Admin, uandike powercfg /sleepstudy. Inatoa ripoti nyingine kama ile ya kwanza. Kila mara mashine iliposinzia pana mstari wake, na iliyokula sana inapakwa rangi nyekundu. Bofya huo mstari, inakutajia kilichokuwa kinaiamsha. Mara nyingi ni kadi ya Wi-Fi au apdeti. Raha ya ripoti hii ni kwamba haibishani na mtu.

Dawa yake ni kuilaza fofofo. Windows ina usingizi wa aina ya pili unaoitwa Hibernate: kila kilichofunguliwa kinaandikwa kwenye diski, kisha mashine inazimika kabisa. Bonyeza Start, andika neno lid, itakuletea Change what closing the lid does. Kwenye safu ya On battery weka Hibernate, uhifadhi. Kama Hibernate haimo kwenye orodha, imezimwa. Iwashe kwa kuandika powercfg /hibernate on kwenye ile Terminal ya Admin, halafu urudi. Asubuhi itachukua sekunde kadhaa zaidi kuamka, mtihani wako utaukuta ulipouacha, na asilimia utazikuta 79 au 80.

Sasa intaneti ya simu. Hapa ndipo nahisi saa zako za mchana zinapopotelea.

Laptopu mpya ya Windows wiki ya kwanza ni kama mgeni aliyehamia nyumba mpya: masanduku kila kona. Inashusha apdeti za miezi yote iliyokaa ghalani, inazifungua, inazisimika. Inapitia mafaili yote na kuyawekea faharasa ili utafutaji uwe wa haraka. Kinga ya virusi inakagua diski nzima. OneDrive, huduma ya Microsoft ya kuhifadhi mafaili mtandaoni, inataka kupandisha mawinguni kila ulichoweka kwenye Desktop na Documents. Mtu mwenye Wi-Fi ya ofisini yote hayo yanakwisha siku mbili tatu wala hajui yametokea. Wewe unawasha hotspoti dakika 20, bando linalia, unazima. Apdeti ilikuwa asilimia 35. Kesho inaendelea, inakatika tena. OneDrive ikipata mtandao inakurupuka, inahesabu mafaili, inakatika. Kazi ya siku mbili imegeuka ya mwezi, na kila ukiiwasha mashine inarudi kwenye masanduku yake. Unalipa mara mbili, betri na bando.

Kwa hiyo fanya hivi. Tafuta usiku mmoja mahali penye Wi-Fi isiyopimwa, ofisi ya elimu, kwa rafiki, popote. Chomeka chaja, fungua Settings, Windows Update, uiruhusu ishushe kila kitu. Iwashe upya itakapoomba, na uangalie tena, maana apdeti zina tabia ya kuzaa apdeti. Mpaka ikuambie imekamilika. Baada ya hapo ukirudi Kilosa, ingia kwenye Network & internet, kwenye mtandao wa simu yako, uwashe Metered connection. Hapo Windows inaelewa kuwa bando ni la kupima na inaacha kushusha mizigo mikubwa bila ruhusa. Wengine huiwasha siku ya kwanza tu kisha hawapeleki tena mashine kwenye Wi-Fi. Hilo silipendi, apdeti za usalama zinarundikana.

Ukishamaliza hayo, pima ulaji. Huhitaji kifaa. Chaji mpaka 100, chomoa, fanya kazi yako ya kawaida saa moja kamili, uone imebaki ngapi. Ikiwa imebaki 85, umetumia asilimia 15 ya 42, yaani wati 6 na nukta kidogo, na hiyo ni karibu saa 7: nenda kasahihishe mitihani. Ikiwa imebaki 72, bado kuna mtu anakula wati 12. Fungua Settings, System, Power & battery, uangalie Battery usage. Kila programu imeandikwa na fungu lake la siku au wiki. Karibu kila nikifungua hapo nakuta kivinjari kimekaa juu na vichupo 40, kimojawapo kinacheza tangazo la video ambalo hakuna anayeliangalia.

Kuna kisa nakilipia mpaka leo, na kinakuhusu. Mama mmoja mwenye duka la steshenari aliniletea laptopu inayokaa saa 2. Sikupima, nilikuwa na haraka na betri ya aina yake nilikuwa nayo kwenye droo, nikambadilishia. Siku ya nne karudi: "Fundi, pesa yangu na betri yako, vyote vimekwisha." Nikakaa nayo. Nilipobonyeza vitufe vya kupunguza mwanga, mwanga haukushuka. Hapo nikajishika kichwa. Nikafungua Device Manager, sehemu ya Display adapters, nikakuta pameandikwa Microsoft Basic Display Adapter. Maana yake Windows ilisimikwa upya na mtu asiyeweka draiva ya grafiki, ile programu inayoiwezesha Windows kuongoza chipu ya grafiki. Mashine ilikuwa inaendesha skrini kwa mwanga wote bila kushuka, na kila video inachorwa na prosesa badala ya chipu ya grafiki iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Nikashusha draiva kutoka tovuti ya waliotengeneza mashine, saa 2 zikawa karibu 5. Betri ya zamani nilipoipima baadaye ilikuwa na asilimia 91. Nilimrudishia pesa yake, na tangu siku hiyo sifungui skrubu kabla sijaona ripoti.

Nawe kaangalie hapo hapo kwenye Display adapters. Maduka mengi hununua mashine ambayo haina Windows kamili wakaiwekea wenyewe palepale kaunta, na draiva husahaulika. Ukikuta jina la Intel au AMD, sawa. Ukikuta hilo la Basic, umempata.

Na kama hapo kaunta walikuwekea pia Office "ya bure" iliyochakachuliwa, nina wasiwasi nayo. Vile viprogramu vya kuvunja leseni mara nyingi vinakuja na abiria, na abiria mwingine anatumia prosesa yako kuchimba sarafu za kidijitali za mtu mwingine. Dalili yake ni feni kuvuma wakati hufanyi kitu. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager itafunguka. Ukiwa umekaa kimya bila kugusa chochote, prosesa inatakiwa itulie chini ya asilimia 10. Ikikaa 40 na haishuki, panga orodha kwa CPU uone jina la juu. Kinga ya virusi ya majaribio iliyokuja na mashine nayo huwa mlaji mkubwa. Iondoe, Defender ya Windows yenyewe inatosha kwa mwalimu.

Mwanga wa skrini hauhitaji maelezo mengi. Skrini ya inchi 15 ikiwa imewashwa yote yaweza kula wati 4 peke yake, ambayo ni sawa na bajeti nzima ya zile saa 10 za boksi. Ndani ya nyumba asilimia 40 inatosha. Power mode iweke Best power efficiency ukiwa kwenye betri. Kwa kutunga mitihani hutaona tofauti. Kibodi yenye taa, izime mchana. Flashi usiyoitumia, ichomoe.

Wanaosoma hapa wenye laptopu za gemu, habari yenu ni nyingine kidogo. Mna kadi ya pili ya grafiki, na ikiamka hata kwa kazi ndogo inaongeza wati 10 au zaidi. Kwenye Settings, Display, Graphics, zipeni programu za kawaida chaguo la Power saving, na skrini ya 144 Hz ishusheni 60 mkiwa kwenye betri. Msitegemee miujiza.

Kuhusu kuitunza, joto ndilo adui kuliko yote. Usiitumie juu ya godoro, matundu ya hewa yapo chini na shuka linayaziba. Usiiache kwenye gari lililoegeshwa juani. Kampuni nyingi zimeweka chaguo la kuzuia chaji isivuke 80, nyingine 60, kwa sababu lithiamu haipendi kukaa imejaa kwa siku nyingi. Kwa mtu wa ofisini anayechomeka kutwa, naliunga mkono. Kwako wewe, kama umeme unakatika bila kuaga, naona ni hasara: jaza 100, uitumie. Ila hakikisha muuzaji hakuliwasha, kwa sababu mashine inayogoma kwenye 60 imewahi kuletwa kwangu zaidi ya mara moja kama betri mbovu, na kazi yangu ikawa kubofya kitufe kimoja.

Jambo moja ambalo halisubiri ripoti: ukiona kibodi imeinuka katikati, kifuniko cha chini hakikai sawa mezani, au padi ya kidole imekuwa ngumu kubonyea, betri imevimba. Izime, usiichaji tena, usiitoboe, ipeleke.

Sasa kurudisha. Ukikuta ujazo umepungua sana au mizunguko mingi, rudi, tena haraka, maana garantii ya betri nyingi ni mwaka mmoja na maduka yana masharti yao mafupi zaidi. Usibishane kuhusu saa, atakuambia unatumia vibaya na hutaweza kumthibitishia. Muonyeshe mistari miwili ya ripoti, halafu soma namba ya utambulisho ya mashine (serial number) kwenye kibandiko cha chini, uiingize kwenye tovuti ya waliotengeneza: tarehe ya kuanza kwa garantii itatokea, na kama ilianza mwaka juzi hapana haja ya maneno. Akikataa, Tume ya Ushindani, FCC, hupokea malalamiko ya walaji. Fanya nakala ya ripoti zote mbili kwenye flashi na uzitume pia kwenye barua pepe yako, ili wasije wakakuwekea Windows upya "kuijaribu" na kumbukumbu zikafutika. Nenda asubuhi kabla duka halijajaa, na risiti ya EFD mkononi.